Umeme wa Amplifaya Mbili au Zaidi Garini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi huanza na amplifaya moja ya wufa (spika kubwa ya besi), wakaridhika, kisha baada ya muda wanataka na spika za milango ziimbe sawasawa. Hapo ndipo maswali ya umeme yanapoanza: taa zinafifia kila besi ikipiga, amplifaya inakata katikati ya wimbo, waya unapata joto. Majibu haya yanahusu gari la kawaida la volti 12. Mabasi ya volti 24, magari ya haibridi na magari mapya yenye chaji inayoongozwa na kompyuta yana maswali yao mwishoni.

Hesabu zote zinatumia mfano mmoja: gari dogo lenye amplifaya mbili kwenye buti. Ya kwanza ni ya chaneli nne, klasi AB (klasi ni aina ya muundo wa amplifaya), wati 75 kwa kila chaneli, ya spika za milango. Ya pili ni ya chaneli moja, klasi D, wati 500, ya wufa. Wati hizo ni za RMS, yaani zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi haina kazi hapa.

## Mambo ya msingi

1. Je, amplifaya mbili zinaweza kutumia waya mmoja kutoka kwenye betri?

Ndiyo, na ndiyo njia bora. Waya mmoja mnene unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi kuu, unafika kwenye buti na kuishia kwenye kigawanyio cha umeme. Kutoka hapo kila amplifaya inapata waya wake na fyuzi yake.

Kisichofaa ni kuchomeka waya wa amplifaya ya pili kwenye skrubu za ile ya kwanza. Tundu la umeme la amplifaya limetengenezwa kwa mzigo wake lenyewe. Ukipitisha hapo mzigo wa nyingine, skrubu inapata joto, inalegea, na kadiri inavyolegea ndivyo joto linavyozidi.

Kuvuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye betri kunawezekana, ila kichwa cha betri kinajaa vyuma, na kila waya unahitaji fyuzi yake huko mbele. Waya mmoja mnene ni kazi safi zaidi.

2. Muziki unatumia umeme wa betri au wa alternata?

Injini ikiwaka, wa alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini. Betri iliyojaa na kupumzika ina takriban volti 12.6. Alternata inatoa kati ya 13.8 na 14.4, na umeme huenda kutoka penye volti kubwa kwenda penye volti ndogo. Kwa hiyo alternata inalisha gari zima na kuichaji betri kwa wakati mmoja.

Amplifaya zikidai kuliko inachoweza kutoa, volti zinashuka mpaka usawa wa betri, na hapo ndipo betri inaanza kusaidia. Msaada huo ni mkopo, maana alternata italazimika kuurudisha besi ikitulia. Mtu akilielewa hili, nusu ya maswali ya sehemu ya betri na kapasita yanajijibu yenyewe.

3. Nitajuaje amplifaya zangu zinakula ampea ngapi?

Chukua wati za RMS za chaneli zote, gawa kwa ufanisi wa amplifaya, kisha gawa kwa volti 13.8. Klasi AB ina ufanisi wa karibu asilimia 60. Klasi D iko kwenye 80 hivi. Kinachobaki kinageuka joto, ndiyo maana klasi AB huchemka zaidi.

Kwenye mfano wetu, ile ya milango ina wati 300. Gawa kwa 0.6 upate wati 500, kisha gawa kwa 13.8: ampea 36. Ile ya wufa ni 500 gawa kwa 0.8, sawa na 625, gawa kwa 13.8: ampea 45. Jumla ni ampea 81.

Hizo 81 ni za kilele, sauti ikiwa mwisho. Muziki una mapigo na mapumziko, na wastani wake huwa karibu theluthi moja, ampea 27 hivi. Tunza namba zote mbili: ya kilele inachagua waya na fyuzi, ya wastani inakuambia kama alternata itamudu.

4. Si rahisi zaidi kujumlisha fyuzi zilizo kwenye amplifaya?

Ni rahisi, na kama boksi halisemi wati za RMS, fanya hivyo. Amplifaya ya chaneli nne yenye fyuzi mbili za 25 na ya wufa yenye mbili za 30 zinakupa ampea 110. Ni juu kidogo ya hesabu ya swali la 3, na kukadiria juu hakujawahi kuchoma gari.

Njia hii inafichua uongo pia. Amplifaya iliyoandikwa wati 3,000 huku ina fyuzi moja ya ampea 30 haiwezi kuingiza zaidi ya wati 414 mfululizo (30 mara 13.8), na kutoka itatoa pungufu ya hapo.

## Nyaya na fyuzi

5. Ninunue waya wa ukubwa gani?

Waya hupimwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume: namba ikipungua, waya unanenepa. Geji 8 ni karibu milimita 8 za mraba, geji 4 ni 21, na geji 1/0, ambayo mafundi wengi huiita "ziro", ni 53.

Kutoka betri ya mbele hadi buti ya gari dogo ni mita 5 hivi, waya ukifuata njia yake. Kwa ampea 81 na shaba tupu, geji 8 inapoteza volti 0.8 njiani na kupata joto la hatari. Geji 4 inapoteza 0.33. Geji 1/0 inapoteza 0.13. Ni upande wa chanya tu huo. Upande wa hasi nao una hasara yake (swali la 10).

Volti 0.8 si kidogo. Amplifaya nyingi hutoa nguvu kwa kufuata volti zinazoingia, na nguvu hiyo hupungua kwa kipeo cha pili. Kutoka volti 14.4 hadi 12 unapoteza karibu asilimia 31 ya wati ulizozilipia. Kwa mfano wetu geji 4 ya shaba ni kiwango cha chini kinachokubalika. Mimi ningeweka 1/0 moja kwa moja, kwa sababu anayefunga amplifaya mbili leo kesho anataka ya tatu, na kung'oa mazulia mara ya pili ni gharama kuliko tofauti ya bei ya waya.

6. Seti za waya za bei nafuu zinafaa?

Nyingi hazifai, na hili ndilo ningependa kila mnunuzi wa Kariakoo au Kirinyaga Road aondoke nalo. Seti huandikwa geji 4, lakini ukiikata unakuta plastiki nene na nyuzi chache katikati. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo huandikwa CCA. Kwa unene uleule, CCA ina ukinzani wa mara 1.6 hivi wa shaba. Geji 4 ya CCA kwenye mfano wetu inapoteza volti 0.53 badala ya 0.33.

Kuipima dukani ni rahisi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, CCA inatoa weupe. Ipime kwa mkono pia, kwani shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu wa alumini ya ujazo huohuo.

CCA si haramu. Ukiijua ilivyo, panda saizi mbili juu na punguza fyuzi. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la shaba, na pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kuna ubaya wa ziada: hewa ya chumvi inaila alumini kwenye viungio haraka sana.

7. Fyuzi kuu iwe ya ampea ngapi, na ikae wapi?

Ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45 za waya kutoka kichwa cha chanya. Tafadhali usilifanyie mzaha jambo hili. Fyuzi kuu hailindi amplifaya. Inalinda waya, na kwa kulinda waya inalinda gari na watu waliomo. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea. Waya ukikatwa na bati siku ya ajali, au ukasuguka taratibu mpaka ukagusa bodi, hakuna cha kuuzuia usiwe mwekundu na kuwasha mazulia isipokuwa fyuzi iliyo kabla ya pale palipokatika. Fyuzi iliyofungwa kwenye buti inaacha mita 5 zote bila ulinzi.

Ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Kwa shaba, geji 8 inapata ampea 50 hivi, geji 4 inapata 100 hadi 125, geji 1/0 inapata 250 hadi 300. Unaweza kuweka ndogo kuliko hapo, kubwa kamwe. Mfano wetu ukitumia 1/0, fyuzi ya 150 inatosha na inaacha nafasi.

Nunua za bapa za kufungwa kwa bolti, aina ya ANL. Zile za kioo za kuchomeka hulegea na kuyeyusha nyumba yake bila hata kukatika.

8. Kigawanyio cha buti kinahitaji fyuzi?

Kinahitaji pale waya unaotoka ni mwembamba kuliko unaoingia. Tuseme 1/0 yenye fyuzi ya 150 inagawanyika kuwa geji 4 kwa wufa na geji 8 kwa milango. Geji 8 ikipiga shoti, fyuzi ya 150 huenda ikaitazama tu ikiungua. Weka 60 kwa wufa na 50 kwa milango, ndani ya kigawanyio chenyewe. Vigawanyio vyenye fyuzi ndani vinauzwa, na haviongezi gharama kubwa.

9. Waya mkuu upite wapi?

Pitia tundu lililopo tayari kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi, na kila tundu la bati liwe na raba yake. Kisha fuata kando ya sakafu, chini ya plastiki za milango, mbali na reli za viti. Nyaya za RCA, zile zinazobeba sauti kutoka redio hadi amplifaya, zipite upande wa pili wa gari.

## Ethi

10. Ethi ifungwe wapi?

Ethi ni kiungo cha upande wa hasi kwenye bodi ya gari. Umeme unaokwenda lazima urudi, tena wote. Ampea 81 zilizofika kwa chanya zinarudi betrini kupitia bodi, na kiungo kibovu cha ethi kinaziba njia sawasawa na waya mwembamba. Hata hivyo, watu hutumia fedha nyingi kwenye chanya, halafu ethi wanaibana chini ya skrubu ya plastiki ya buti.

Tafuta bati nene la bodi au mhimili wa sakafu, si bati jepesi lililobandikwa juu. Chubua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, upana wa sarafu kubwa. Funga waya kwa lagi (kichwa cha chuma cha ncha ya waya) iliyobanwa kwa koleo lake, tumia bolti, nati na washa yenye meno, kaza kwa nguvu, kisha paka rangi au grisi juu ili kutu isiingie. Waya wa ethi usizidi nusu mita, na unene wake ulingane na wa chanya.

Bolti za mikanda ya usalama usiziguse. Zinavutia kwa sababu ni nene na zimeshika bodi vizuri, lakini ziliwekwa kumshika mtu siku ya ajali, na kukaza kwake kuna kipimo chake.

11. Kila amplifaya iwe na ethi yake?

Zote zifungwe sehemu moja. Amplifaya moja ikifungwa kushoto na nyingine kulia, sehemu hizo mbili haziwi na volti sawa pindi umeme mwingi unapopita, na tofauti hiyo ndogo hupenya kupitia nyaya za RCA na kusikika kama mvumo. Tumia kigawanyio cha ethi kisicho na fyuzi: waya mfupi kutoka kila amplifaya hadi kwenye kigawanyio, kisha waya mmoja mnene hadi kwenye bodi. Ethi haiwekwi fyuzi.

12. Mafundi husema nibadilishe na nyaya za mbele, chini ya boneti. Ni lazima?

Kwa amplifaya mbili za wastani inasaidia. Kwa tatu na kuendelea ni lazima. Nyaya zenyewe ni tatu: kutoka alternata hadi chanya ya betri, kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi, na kutoka injini hadi kwenye bodi. Za kiwandani zilipigiwa hesabu ya taa, redio na feni. Ongeza nyaya nene sambamba na zile za zamani, usizitoe. Ule wa alternata upate fyuzi inayozidi kidogo uwezo wa alternata.

Magari yaliyotumika yanayoingia kupitia bandari za Dar na Mombasa mengi yana umri mkubwa, na waya wao wa hasi hadi kwenye bodi mara nyingi una kutu iliyojificha chini ya plastiki. Kuubadilisha huo peke yake, hata bila mengine, hurudisha volti nyingi kwa bei ndogo.

## Waya wa kuwasha

13. Waya mmoja wa rimoti wa redio unatosha amplifaya ngapi?

Waya wa bluu wenye mstari mweupe nyuma ya redio hutoa umeme mdogo, kwa kawaida chini ya nusu ampea. Huwasha amplifaya mbili bila shida. Unarukisha tu kutoka moja kwenda nyingine. Zikifika tatu, au ukiongeza feni na taa za buti kwenye waya huohuo, weka relei (swichi inayoendeshwa na umeme): mguu wa 86 kwenye rimoti ya redio, 85 kwenye ethi, 30 kwenye chanya yenye fyuzi ndogo ya ampea 5, na 87 kwenye amplifaya zote. Redio itaendesha koili ya relei peke yake.

Bluu tupu isiyo na mstari ni ya antena. Kwenye redio nyingi hiyo huzima ukihama kutoka FM kwenda bluetuthi, na mwenye gari hushangaa kwa nini muziki umekufa.

14. Kwa nini betri inalala gari likiegeshwa usiku?

Mara nyingi ni kwa sababu rimoti imeunganishwa kwenye umeme usiozima. Amplifaya iliyowaka bila muziki bado inakula, na mbili pamoja zinaweza kufika ampea 2. Kwa saa 12 hiyo ni ampea-saa 24, karibu nusu ya betri ya gari dogo. Asubuhi gusa amplifaya kabla ya kuwasha gari: ikiwa na uvuguvugu au taa yake inawaka, umempata mwizi.

## Alternata, betri na kapasita

15. Alternata yangu itamudu?

Soma kibandiko kwenye alternata yenyewe. Huandikwa kama 14V 80A. Tuseme ni 80. Gari lenyewe usiku, taa na kiyoyozi vikiwaka, linakula karibu 40. Zinabaki 40, na wastani wa mfano wetu ni 27. Barabarani mambo yatakwenda vizuri.

Kwenye foleni ni hadithi nyingine. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, alternata inazunguka polepole na huenda ikatoa nusu tu ya kile kilichoandikwa. Hizo 40 zote zinamezwa na gari, na muziki unaishi kwa betri. Anayeshinda kwenye foleni ya Morogoro Road au ya Mombasa Road kila jioni anahitaji hesabu kali kuliko anayesafiri Dodoma. Hapo dawa ni alternata kubwa zaidi inayokaa kwenye mkono uleule, au kupunguza sauti. Betri ya ziada haiongezi chochote kwenye kinachozalishwa.

16. Kapasita ya faradi moja itaondoa tatizo la taa kufifia?

Kapasita ni kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka. Hesabu inasema hapana. Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa jouli 26. Amplifaya zikikosa wati 500, jouli hizo zinakwisha ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Pigo moja la besi linachukua muda mrefu kuliko huo, na baada ya hapo kapasita yenyewe inadai kuchajiwa na alternata ileile iliyoelemewa.

Inasaidia kidogo sana, kwa mapigo mafupi makali, kwenye mfumo ambao tayari una nyaya nzuri. Bei yake ukiipeleka kwenye waya wa shaba na nyaya za swali la 12, utaona tofauti kwa macho. Kama unayo tayari, ichaji kwanza kupitia balbu au rezista, vinginevyo itapiga cheche kubwa ukiiunganisha.

17. Betri ya pili je?

Ina faida mbili za kweli: kupiga muziki injini ikiwa imezimwa, na kushika volti zisianguke wakati wa kilele kwa kuwa iko jirani na amplifaya. Weka relei ya kutenganisha ili betri ya mbele ibaki salama kwa ajili ya kuwashia gari. Waya kati ya betri mbili uwe na fyuzi ncha zote mbili, maana kila ncha sasa ina chanzo chake cha umeme.

Betri inayokaa ndani ya gari iwe ya AGM iliyozibwa. Ya maji hutoa gesi inayolipuka, na buti ya gari dogo inapumua hewa moja na abiria.

18. Naweza kupiga muziki kwa muda gani injini ikiwa imezimwa?

Betri ya ampea-saa 60 haitakiwi kushuka chini ya nusu kama unataka gari liwake. Kwa wastani wa ampea 27, una saa moja hivi kwa sauti kubwa. Tazama volti amplifaya zikiwa zimezimwa na betri imepumzika kidogo: 12.2 ni nusu, 12.0 tafuta mtu wa kukusukuma.

## Matatizo ya kila siku

19. Taa zinafifia besi ikipiga. Nianzie wapi?

Anza na mita kabla ya kununua chochote. Cheza sauti ya Hz 50 mfululizo kutoka kwenye simu, kwa sauti unayotumia kawaida, injini ikiwaka, kisha pima sehemu nne. Volti kwenye vichwa vya betri. Volti kwenye tundu za amplifaya. Kisha tofauti kati ya chanya ya betri na chanya ya amplifaya, na kati ya hasi ya betri na hasi ya amplifaya, ukitumia waya mrefu wa kupimia.

Betri ikionyesha 13.5 na amplifaya 12.3, tatizo liko njiani, na vipimo viwili vya mwisho vitakuambia ni upande gani. Upande wa hasi ukizidi volti 0.2, rudi kwenye ethi. Betri yenyewe ikianguka hadi 12.4 injini ikiwaka, alternata imeelemewa. Soma swali la 15.

20. Amplifaya moja inakata, nyingine inaendelea. Kwa nini?

Ya wufa ndiyo hukata mara nyingi, kwa sababu inavuta zaidi na hivyo ndiyo inayoanza kuhisi volti zikishuka. Nyingi hujizima zikifika karibu na volti 10. Pima kama swali la 19, lakini kwenye tundu za amplifaya ile. Kama volti ni nzuri na bado inakata, angalia omu (ukinzani) za wufa. Koili mbili za omu 4 zikifungwa sambamba ni omu 2, na wufa mbili za hivyo pamoja ni omu 1. Kila omu zikipungua nusu, ampea zinakaribia kuwa mara mbili, na hesabu yako ya swali la 3 haina maana tena.

21. Kuna mlio unaopanda na kushuka kufuata mwendo wa injini.

Huo ni mlio wa alternata ukiingia kupitia ethi zisizolingana. Chomoa RCA kwenye amplifaya. Mlio ukiisha, tatizo liko mbele yake: ethi ya redio au njia ya RCA. Ukibaki, ni ethi ya amplifaya (swali la 10 na la 11). Kichujio cha kununua kiwe cha mwisho.

## Hali za pekee

22. Basi langu ni la volti 24. Naweza kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili?

Usifanye hivyo, hata kama jirani amefanya na bado anapiga muziki. Isuzu NQR na Coaster nyingi za dizeli zina betri mbili mfululizo, na alternata inazichaji pamoja kwa volti 28 hivi. Ukichukua umeme kwenye moja, hiyo inabaki na njaa. Alternata inaona jumla ni ndogo na kuendelea kusukuma, hivyo ile nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Baada ya muda betri zote mbili zimekufa, moja kwa kiu na moja kwa kushiba, na mwenye basi anailaumu betri.

Njia sahihi ni kibadilishi cha kushusha 24 hadi 12. Mfano wetu wa ampea 81 upande wa volti 12 unavuta karibu 45 upande wa 24. Kibadilishi kikubwa hivyo ni ghali, kwa hiyo wengi huweka kimoja kwa kila amplifaya. Ni sawa, ilimradi matokeo ya vibadilishi viwili yasiunganishwe pamoja kama mtengenezaji hakuruhusu. Njia nyingine, ninayoipenda zaidi kwa mabasi yanayopiga muziki siku nzima, ni kuweka betri ya volti 12 ya peke yake kwa ajili ya muziki, ikichajiwa na chaja ya 24 kwenda 12 ya ampea 30 au 40. Chaja inabeba wastani, betri inabeba vilele.

23. Nina Aqua au Prius. Hakuna alternata, nifanyeje?

Upande wa volti 12 unalishwa na kibadilishi kinachotoa umeme kwenye betri kubwa ya haibridi, ambayo ni volti 144 kwenye Aqua nyingi na karibu 200 kwenye Prius nyingi. Faida yake ni kwamba hakitegemei mzunguko wa injini, hivyo volti hazianguki kwenye foleni mradi gari liko READY (neno hilo limewaka kwenye dashibodi). Hasara yake ni kwamba kina kikomo, na kukibadilisha hakulinganishwi hata kidogo na kubadilisha alternata. Chagua klasi D kwa amplifaya zote na baki kwenye wati za wastani.

Kwenye Prius nyingi betri ndogo ya volti 12 iko nyuma, kwa hiyo waya mkuu ni mfupi. Fyuzi bado ni lazima. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa usiziguse, usizisogeze, wala usitoboe bati karibu nazo. Zinaua.

24. Gari jipya lina kifaa kidogo kwenye kichwa cha hasi cha betri. Kinahusika?

Sana. Ni kihisi kinachoiambia kompyuta umeme kiasi gani unaingia na kutoka betrini, ili ipandishe au kushusha chaji. Ukifunga ethi ya amplifaya moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umeme wako unakikwepa, kompyuta inadhani betri imejaa, na chaji inashuka wakati wewe unaihitaji. Funga ethi kwenye bodi, au upande wa kihisi unaoelekea kwenye bodi.

25. Nataka kuongeza amplifaya ya tatu. Kipi kinabadilika?

Rudia hesabu ya swali la 3 kwa zote tatu, kisha linganisha na fyuzi kuu na waya ulio nao. Kama uliweka 1/0 na kigawanyio chenye tundu la ziada, kazi ni fyuzi ya kigawanyio, waya mfupi, relei ya swali la 13, na pengine fyuzi kuu kutoka 150 hadi 200. Kama uliweka geji 4 na jumla ya fyuzi imepita 125, waya mkuu unabadilishwa, na ethi yake pamoja nao. Usiongeze fyuzi juu ya waya uleule.